Kamongo Niliyempeleka Ukweni

Kule Ujiji habari hii inasimuliwa vibaya, ndiyo maana nimeamua kuitoa mwenyewe, na aibu yangu yote. Ukiwasikiliza wao utaambiwa kuna mwalimu mmoja wa kuja alikwenda kuposa akiwa na nyoka ndani ya kiroba, nyoka akatoka, akakohoa mbele za watu, na mama mkwe akaanguka chini. Kuna anayeongeza kwamba yule nyoka alisema neno. Hakusema neno, na hakuwa nyoka. Mengine yaliyobaki, jamani, yana ukweli ndani yake, na ndiyo yanayonifanya mpaka leo nikipita mtaa ule niweke simu sikioni wakati hakuna aliyenipigia.

Mimi nafundisha baiolojia. Kwetu ni Korogwe, Tanga, na nilipopangiwa kazi Kigoma mama yangu alilia, akaniusia nisile chakula cha mtu nisiyemjua kwa sababu huko (alisema kwa kunong'ona, utafikiri Kigoma nzima ilikuwa imetega masikio dirishani kwetu) watu wana mambo yao. Nikaja, nikapanga vyumba viwili Katubuka, nikala chakula cha kila aliyenikaribisha, nikanenepa. Mambo yao niliyoyakuta mimi ni migebuka ya kuchoma, samaki wa ziwani kwao, na watu ambao hawawezi kukuuliza bei ya nyanya kabla hawajakuuliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, na kazini kukoje. Na kwa kuwa suruali zangu zilianza kunibana, nikaenda kwa fundi pale soko la Mwanga zikaachiwe kiunoni, na fundi mwenyewe alikuwa Mwavita. Zilipokwisha zile suruali nikaanza kupeleka na mashati yasiyo na tatizo lolote.

Mwavita hakuwa na shida na mimi. Shida ilikuwa kwao. Baba yake alishafariki, waliobaki ni mama yake, Bi Tausi, na mjomba wake, Mzee Kitenge, ambaye ndiye angetoa jibu la posa. Lakini Mwavita alinitahadharisha mapema: "Mjomba atasema ndiyo au atasema hapana, ila mama ndiye anayemwambia aseme lipi." Na Bi Tausi alikuwa na wasiwasi na mimi, si kwa ubaya, ila alisema walimu wa kuja huja na huondoka, leo yuko hapa kesho kahamishwa Lindi, na mwanawe mmoja huyo akipelekwa Lindi atamwona lini tena? Kwa hiyo siku ya kwenda kujitambulisha, kazi yangu ilikuwa moja tu: Bi Tausi anione kuwa ni mtu wa kutulia, mtu anayefaa kuachiwa mtoto.

Mshenga wangu alikuwa Mwalimu Bukuru, tunafundisha naye, yeye jiografia. Muha wa Kasulu, mpole, mtu anayeweza kukaa nusu ya kikao cha walimu bila kufungua kinywa halafu akasema sentensi moja na kikao kikafungwa. Tukapangiwa Jumamosi, baada ya alasiri.

Sasa hapo ndipo shetani alipopata upenyo, na upenyo wenyewe ulikuwa mapafu. Jumatatu yake nilikuwa na somo la kupumua na kidato cha pili, na mimi, niseme tu, kitu hicho nakipenda kupita kiasi. Nilishaagiza mapupu ya mbuzi kwa muuza nyama wa Mwanga, yaje na koromeo lake ili tuyapulize wanafunzi wayaone yanavyojaa. Nilishapanga chura. Nilishapanga kuku. Lakini kilichokuwa kinaninyima usingizi ni kamongo, kwa sababu kamongo ni samaki mwenye mapafu, mapafu kweli, mawili, na matamvua yake ya kupumulia majini ni madogo kiasi kwamba hayawezi kumtosha, lazima apande juu ya maji avute hewa kwa mdomo kama wewe na mimi. Ukimzuia chini ya maji anakufa maji. Samaki! Nilikuwa nimemwomba muuza samaki mmoja anayeleta mzigo kutoka upande wa Malagarasi aniletee mmoja mzima, na huyo bwana hakuwa na siku nyingine ya kunipigia simu isipokuwa Jumamosi hiyo, saa ile nimeshavaa kanzu.

"Mwalimu, kamongo wako huyu hapa Mwanga. Usipokuja sasa kuna mama anamtaka wa kitoweo."

Tukachukua bajaji, mimi na Bukuru, tukampitia. Alikuwa mrefu, mnene wa mkono wa mtu mzima, mweusi, kajaa tope, na zile ndevu zake nne badala ya mapezi. Wakamtia kwenye kiroba kilicholoweshwa maji. Bukuru akamtazama, akanitazama mimi na kanzu yangu, akasema, "Tupitie kwako tumwache kwanza." Nyumbani kwangu ni njiani tu unapokwenda Ujiji, ndugu zangu, njiani tu! Ingekuwa ni kushuka, kufungua mlango, kumtia kwenye beseni, kurudi. Lakini nilikuwa naogopa kuchelewa, na zaidi ya hapo nilikuwa nimeshaanza kujisikia, nikamjibu, "Haina haja. Huyu hahitaji maji, ana mapafu." Bukuru akanyamaza, na nikadhani nimemshinda.

Tulipofika mlangoni kwa Bi Tausi nilikuwa nimebeba mkono wa kulia mfuko wa zawadi, sukari na doti ya khanga, na mkono wa kushoto kiroba kinachodondosha maji. Mpango wangu ulikuwa kukiweka pale nje, kivulini, pembeni ya viatu. Lakini mnajua utaratibu wa watu wetu: mgeni hafiki akaachwa na mzigo mkononi. Kabla sijamaliza kusema hodi akatoka jirani yao, Mama Shabani, aliyekuja kusaidia kupika, "Karibuni, karibuni wageni wetu, leteni niwapokee," na mikono yake ikachukua mfuko na ikachukua kiroba, vyote, kwa upendo kabisa. Akakipima uzito kile kiroba, akageuka akaita ndani kwa sauti ya kufurahi:

"Bi Tausi! Mkweo hakuja mikono mitupu, kakuletea samaki, na samaki mwenyewe si wa mchezo!"

Na huko ndani, Bi Tausi akatabasamu. Nilimwona kupitia pazia. Mama ambaye Mwavita aliniambia hatabasamu kwa wageni, katabasamu kwa ajili ya kiroba changu. Sasa hebu niambieni, mngefanya nini? Ungemwambia mtu siku ya kwanza ukweni, "Samahani mama, hicho nirudishie, si chako"? Mtu ukishampa kitu mlangoni kwake ukakidai, hata kama hukumpa, umemvua nguo. Nikamtazama Bukuru. Bukuru akawa anavua viatu kwa makini sana. Nikajiambia, basi, imekuwa ni zawadi, wanafunzi nitawachorea ubaoni.

Tukakaa. Mwavita akaleta maji ya kunywa, hakunitazama, ila nilimwona shavu likimcheza. Bi Tausi akauliza habari za kwetu, nikajibu, akauliza habari za kazi, nikajibu. Mzee Kitenge alikuwa bado hajarudi msikitini, tukaambiwa tumngoje. Halafu Bi Tausi, kwa ukarimu tu, akaniuliza swali ambalo hatakuja kuniuliza tena: "Na hapo shuleni, mwalimu, unafundisha nini sasa hivi?"

Wenzangu, nilimjibu! Nilianza na ndege. Nikamweleza kwamba mapafu ya kuku hayajai na kusinyaa kama yetu, yameng'ang'ania mbavuni, kinachojaa ni vifuko vya hewa vilivyotambaa mwilini mpaka ndani ya baadhi ya mifupa, na hewa inapita upande mmoja tu haigeuki nyuma, ndiyo maana ndege anaruka juu bila kutweta. Nikaenda kwa chura, kwamba hana ule msuli wa chini ya kifua tulio nao sisi, kwa hiyo hewa anaimeza kwa koo (na nikaonyesha, nikatikisa koo langu mbele ya mama mkwe, Mungu anisamehe). Bukuru alikohoa kunionya. Nikadhani amepaliwa. Nikasonga mbele: nikasema pafu ni la zamani kuliko miguu, kwamba kabla hajatokea mnyama wa kutembea nchi kavu, samaki wa kale wa maji ya kina kifupi walikuwa tayari wanavuta hewa juu, na kile kibofu cha hewa unachokikuta ukimpasua mgebuka asili yake ni moja na mapafu haya yetu.

"Kwa hiyo," alisema Bi Tausi, akatulia, "mimi... na mgebuka... ni ndugu?"

Mtu mwenye akili angesema Mungu ndiye ajuaye, akanywa maji. Mimi nikasema ndugu wa mbali. Na nilivyoona anazungumza kwa kukatakata, neno moja, anapumzika, neno jingine, nikadhani ni heshima ya watu wazima, au ni kwamba somo limemwingia. Jiko lilikuwa uani tu hapo, moshi wa kuni ulikuwa unaingia kwa mlango wa nyuma, naye alikuwa anajipepea na ncha ya khanga. Niliyaona yote hayo, na mimi, mtu wa mapafu, sikuelewa hata moja. Nikafika kwa nyoka. "Nyoka sasa, mama, yeye ni ajabu nyingine. Wengi wao pafu linalofanya kazi ni moja, refu, limenyooka ndani ya mwili wake, maana yule nyoka..."

"NYOKA!"

Hiyo haikuwa sauti yangu. Ilitoka uani, ikafuatiwa na sufuria kuanguka, na Mama Shabani akapita katikati yetu mbio, kiatu kimoja mguuni, akatokea mlango wa mbele. "Nyoka! Nyoka kwenye kiroba! Nimemmwaga kwenye beseni, kanifungulia mdomo, kanikoholea!"

Na kila mtu, kuanzia Mwavita mpaka Bukuru, akanitazama mimi, ambaye neno la mwisho kinywani mwangu lilikuwa nyoka.

Kufumba na kufumbua ua ule ulijaa. Sijui Ujiji watu huwa wanakaa wapi mpaka wasikie yowe, maana mtaa ulikuwa mtupu tulipofika. Wakaja na mchi, wakaja na fagio, mmoja kaja na panga na sahani ya ugali bado iko mkono wa pili. Kamongo alishatoka kwenye beseni, anajivuta kwenye vumbi, na kila baada ya muda anainua kichwa, anafungua mdomo, anavuta hewa kwa mlio, hooh, na watu wote wanaruka nyuma. Watu wale samaki wa ziwani wanawajua tangu tumboni mwa mama zao, lakini samaki wa ziwani hawatambai wala hawakohoi. Nikajitupa mbele, nikapiga kelele nikidhani naokoa mambo:

"Msimpige! Ni samaki! Ana mapafu!"

Laiti ningesema ni nyoka. Bibi mmoja akasema astaghfirullah, na kijana wa panga akauliza polepole, "Samaki gani ana mapafu, kaka?" Mwingine nyuma akamjibu, "Wa kutengenezwa huyo." Nikasikia mtu anauliza natoka wapi, na mwenzake anamwambia Tanga, na wote wakasema "Ahaa" kwa pamoja. Mama yangu kanionya na watu wa Kigoma, na mimi ndiye niliyesimama uani kwao natuhumiwa uchawi!

Yule wa mchi akainua mchi. Nikainama, nikamshika kamongo kwa mikono miwili, nikamkumbatia kwenye kanzu yangu nyeupe, nikarudi nyuma mpaka nikajikuta nimesimama katikati ya mlango wa nyumba. Bukuru akasema neno moja tu, "Mawe," yaani kwao ni mama yangu, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Bi Tausi alikuwa amekaa chini, mkono mmoja ukutani. Mabega yalikuwa yanapanda. Kila pumzi ilikuwa inamtoka na filimbi nyembamba kifuani, na iliyokuwa inaingia haikuwa ya kutosha. Vumbi, moshi, hofu, na kelele za watu wote wale. Alikuwa na pumu. Alikuwa nayo tangu utoto wake, mtaa mzima unajua, Mama Shabani anajua, na mimi nimekaa naye sebuleni nikimweleza pumzi ya chura.

Mwavita alipita chini ya mkono wangu. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, toka hapo mlangoni, unamzibia hewa." Sijawahi kuambiwa jambo likaniingia kama lile. Nikatoka, nikajibana pembeni ya ukuta. Yeye akamkalisha mama yake kwenye kigoda, akamwinamisha mbele, viwiko magotini, akatoa kile kichupa cha dawa ya kupuliza kwenye pindo la khanga ya mama yake mwenyewe, akamwekea mdomoni. "Vuta, mama. Taratibu. Usikimbilie. Vuta tena." Watu uani bado walikuwa wanapiga kelele, huyu anasema apelekwe hospitali, huyu anasema apepewe, huyu anasema kwanza nyoka auawe.

Na ilikuwa hapo hapo, nimejibana ukutani, kamongo aliponiuma. Kwa wasiojua, kamongo hana meno ya kuhesabu, ana mabamba yanayokata, na akishafunga mdomo hafungui mpaka apende. Alikamata kidole gumba changu cha kulia, akakaza. Damu ikaanza kushuka kwenye kanzu. Nikasimama vile vile, mdomo wazi, macho yamenitoka, simsemeshi mtu. Bi Tausi alikuwa ameinama, lakini macho yake, juu ya mkono wa binti yake, yalikuwa yamenielekea mimi. Tulitazamana hivyo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mwaka wa kwanza wa kazi.

Pumzi zake zikaanza kurudi, kidogo kidogo. Ile filimbi ikapungua. Mwavita akakaa chini akaanza kulia, kimya kimya, maana sasa alikuwa ana nafasi ya kulia. Na mjomba mtu akaingia na msala begani, akatazama ua wa dada yake uliojaa watu na silaha, akamtazama mkwe mtarajiwa aliyelowa tope na damu, akasogea karibu, akainama.

"Huyu si kamongo huyu? Nani kamleta kamongo wa watu huku?"

Watu wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Mama Shabani akakaa chini. Mzee Kitenge akaubana mdomo wa kamongo pembeni na mpini wa mwiko, kidole kikatoka, Bukuru akakifunga kwa leso yake, akaomba radhi kwa niaba yetu kwa Kiswahili kizuri sana, akaniondoa pale kama mtu anavyomwondoa mgonjwa. Hatukula. Kamongo tulirudi naye, hakuna aliyemtaka.

Jumatatu nilimweka mbele ya darasa kwenye beseni, na kidole changu na bandeji yake, na hakuna mwanafunzi aliyeuliza swali la mapafu. Waliuliza kama ni kweli alisema neno. Sokoni Mwanga muuza nyama aliniita Mwalimu wa Nyoka. Nilikwenda hadi Kibirizi kununua dagaa nikidhani huko sijulikani, wapagazi wakanisogezea kiroba kwa adabu, "Hiki tukupakie kwa mkweo?" Nilicheka nao, lakini nikifika chumbani nilikuwa nakaa kitandani na nguo zangu za kazini bila kuwasha taa. Sikuwa nalia kwa sababu ya kuchekwa. Nilikuwa nampenda Mwavita, na nilijua jibu litakuwa hapana, na ningekuwa mimi ndiye mjomba, ningesema hapana.

Bukuru akaitwa. Akaenda peke yake, akarudi jioni, akakaa, akaomba chai, akaikoroga. Nilitaka kumpiga.

"Wamekubali," akasema.

"Wamekubali nini?"

"Wewe." Akanywa. "Mama kasema hivi. Mtu mwenye pumu akibanwa, kelele ndizo zinazomkaba zaidi. Siku ile kila mwanaume aliyekuwa uani alikuwa anapiga kelele. Mmoja tu alinyamaza, na huyo ndiye aliyekuwa anatokwa damu. Kasema mtu anayeweza kung'atwa vile akanyamaza ili mimi nipate kuvuta pumzi, huyo hata akimpeleka mwanangu Lindi, nitalala usingizi."

Tumeoana. Bi Tausi anakaa jirani na sisi, na jiko lake la kuni nimeliondoa, nimemletea la gesi. Siku hizi akizungumza nazisikia zile nafasi anazoacha kati ya maneno, na zikirefuka nanyanyuka kabla hata Mwavita hajanyanyuka. Ukweni nakwenda na sukari tu, kwenye mfuko unaoonyesha kilichomo. Na kila akija mgeni, mama mkwe wangu humsimulia habari ya kidole, huku amenishika mkono huu wenye kovu, anamwambia tazama, mkwe wangu huyu alinyamaza kwa ajili yangu, nami huinamisha kichwa, na wageni hudhani ni unyenyekevu.

Sikunyamaza kwa ajili yake. Nilifungua mdomo nipige yowe kama mtu yeyote, yowe la kufika Burundi, na kifuani hapakuwa na pumzi ya kulisukuma. Hilo halijui, na nimeapa hatalijua kutoka kwangu, maadamu yu hai na analala usingizi.